Jibu: Homoni zitamrudishia mama nguvu za misuli?

Pole na mama, dada. Umeuliza kama tiba ya homoni itamrudishia nguvu za miguu akiwa na miaka 68. Kwa lengo hilo peke yake, mimi nisingeianza. Ni kweli misuli ina vipokezi (sehemu za kupokea) vya estrojeni, homoni ya kike, na homoni hiyo ikishuka baada ya hedhi kukoma, misuli hupungua na hujirekebisha polepole. Lakini wanawake waliopewa homoni wakapimwa, tofauti ya misuli iliyookolewa imeonekana ndogo mno. Tiba hii kazi yake hasa ni kutuliza joto la ghafla na kulinda mifupa. Halafu kuna umri: ukiianza baada ya miaka 60, au zaidi ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hatari ya kiharusi na damu kuganda huwa kubwa zaidi.

Kinachojenga misuli ni mazoezi ya uzito, angalau siku 2 kwa wiki. Kuinuka kitini bila kushika kitu, mara 8 hadi 10, ni mwanzo mzuri (usicheke, jaribu mwenyewe taratibu!). Protini nayo, gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ila figo zake zikiwa na shida muulize daktari kwanza.