Nimejaza Moreover kila mahali, supavaiza bado anasema kazi haiungani

Maswali ya kuandika Kiingereza cha kitaaluma yamekuwa mengi mno safari hii na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua haya, mengine nimeyafupisha, na majina yenu nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Naandika proposali ya masters. Supavaiza aliniandikia pembeni "this does not flow", nikaenda nikaongeza Moreover, Furthermore, In addition karibu kila sentensi, nikamrudishia, akaandika maneno yaleyale na safari hii kapiga mstari chini. Kipande chenyewe ni hiki: "Many schools bought tablets for their pupils. Moreover, the ministry introduced a training programme for teachers. Furthermore, it was not effective because they did not receive it on time. This shows it is important." Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, na asante kwa kuleta kipande chenyewe, maana wengi wanalalamika tu kwamba haitiririki bila kuonyesha na mimi nabaki nabahatisha.

Anza kwa kufuta Moreover na Furthermore, afu soma tena. Umepoteza nini? Hakuna kitu. Moreover inamwambia msomaji kwamba unaongeza hoja nyingine ya upande uleule, sasa wewe baada ya Furthermore unasema mpango haukufanikiwa, yaani umegeuka, halafu neno uliloweka linasema bado unaenda mbele. Kiunganishi kazi yake ni kutangaza uhusiano ambao tayari upo kati ya hoja mbili, kama haupo hakiwezi kuuleta, na msomaji makini anaona kabisa kwamba hapo umebandika tu.

Ila kwa maoni yangu hilo ndo tatizo dogo. Kubwa ni "it", "they" na "this" zako. "They" ni nani, shule, wanafunzi au walimu? "It" ya kwanza nadhani ni mpango, ya pili sijui ni mafunzo au tableti, na ile ya mwisho, "it is important", hata wewe ukiulizwa ghafla utasita. Supavaiza akifika hapo anarudi nyuma kutafuta, anarudi tena, na mtu anayerudi nyuma kila mstari ndo huyo anayeandika "does not flow" hata kama hajui aonyeshe kidole wapi.

Na sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tuna sababu ya kuangukia hapa. Ngeli zinatubeba. Ukiandika "Ripoti ilikataa mpango kwa sababu ulikuwa na gharama kubwa", ile u- inajulikana ni ya mpango, haiwezi kuwa ripoti. Ukibadilisha ukaandika "kwa sababu iliandikwa kabla ya bajeti kutoka", i- imerudi kwa ripoti, hakuna anayechanganyikiwa. Kwa Kiingereza zote mbili ni "it"! "The report rejected the plan because it..." na msomaji anasubiri mwisho wa sentensi ajue unaongelea nini, na wakati mwingine mwisho unafika bado hajajua. Kwa hiyo ile kazi ambayo ngeli inakufanyia bure kwa Kiswahili, kwa Kiingereza unaifanya mwenyewe, kwa kurudia nomino au kwa kuweka nomino baada ya "this".

Hiyo ya "this" naomba uishike vizuri, maana kwenye maandishi ya kitaaluma inalipa kuliko viunganishi vyote ulivyokariri. Usiache "This" peke yake mwanzoni mwa sentensi kama kilichotajwa nyuma ni sentensi nzima au vitu viwili vitatu. Iongezee nomino: this delay, this increase, this difference, this assumption, these findings. Nomino hiyo inafanya kazi mbili kwa mpigo, inakusanya ulichosema kwa neno moja, afu inaonyesha wewe unakionaje. Ukimnukuu mtu halafu ukaendelea na "this finding" umekubali kwamba amegundua kitu, ukisema "this claim" umejiweka mbali kidogo, ukisema "this assumption" tayari msomaji anajua unakuja kumkosoa.

Hebu tuone kipande chako kikiandikwa upya: "Many schools bought tablets for their pupils, and the ministry introduced a training programme for teachers. However, the training came only after the tablets had arrived, and teachers had no time to prepare. This delay suggests that the timing of training matters as much as the content." Imebaki However moja tu, na inastahili kuwepo. Angalia sentensi zinavyoanza: "the training" imetoka kwenye "training programme" ya nyuma yake, "this delay" imetoka kwenye kuchelewa kulikotajwa hapo juu. Kitu ambacho msomaji anacho tayari kinakaa mwanzoni mwa sentensi, kipya kinakuja mwishoni, halafu hicho kipya kinaweza kuwa mwanzo wa sentensi inayofuata. Ukishika huo mtindo utashangaa viunganishi vingi vinavyojifia vyenyewe.

Na usiogope kurudia neno. Shuleni tulifundishwa kurudia ni uvivu wa msamiati, kwa insha za hadithi sawa, lakini kwenye tasnifu ukianza na "respondents", aya inayofuata "participants", mbele kidogo "subjects", msomaji anaanza kujiuliza kama ni makundi matatu tofauti. Chagua moja ukae nalo mpaka mwisho.

SWALI: Lecturer anakata "but" yangu kila nikiandika "Although the sample was small, but the results were clear". Mbona kwa Kiswahili tunasema ingawa... lakini?

JIBU: Kwa Kiswahili ruksa, kwa Kiingereza hapana. Although imeshafanya kazi ya kupinganisha, but ikija ni ya pili kwa kazi ileile. Baki na moja. Because na so vilevile, usiandike "Because the sample was small, so the results were unclear".

Na kwa kuwa umeuliza mambo ya kubeba Kiswahili, cheki kama huna na hii: "the method which we used it". Hiyo inatoka moja kwa moja kwenye "mbinu tuliyoitumia", ile -i- yetu ya katikati ndo inageuka "it". Kiingereza hakiitaki, which imeshashika nafasi, ni "the method which we used" basi. Ndugu yake ni "the students who were interviewed they said", toa they. Hizi mbili huwa siziachi zipite kwenye kazi yoyote ninayosoma, maana ni rahisi mno kuzirekebisha na zinachafua ukurasa vibaya sana.

SWALI: Habari mwalimu, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nimekariri linking words kama mia hivi kutoka kwenye pdf. Je zinatosha kupata band (daraja) ya juu au niongeze?

JIBU: Salama. Punguza!

Coherence and Cohesion, yaani mtiririko wa hoja na namna sentensi zinavyoshikana, ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kusahihisha writing na vyote vina uzito sawa, kwa hiyo ni robo ya maksi zako, sio jambo dogo, nakubali. Lakini soma maelezo ya vigezo yenyewe, yako wazi kwa umma. Kwenye band ya 5 kuzidisha viunganishi kumetajwa kama kasoro, band ya 6 inaongelea muunganiko unaoonekana wa kimashine, na ukifika band ya 9 kinachosifiwa ni muunganiko ambao msomaji haushtukii. Mtu aliyeanza kila sentensi na neno la kwenye pdf anashtukiwa kuanzia mstari wa pili.

Kitu kingine, linking words ni sehemu tu ya cohesion. Mwaka 1976 wanaisimu Halliday na Hasan walipochambua namna Kiingereza kinavyounganisha sentensi walitaja njia tano, na viunganishi ni moja kati ya hizo. Nyingine ni marejeo, yaani it, they, this na wenzake, kuna kubadilisha neno kwa "one" au "do so", kuna kuacha kabisa neno ambalo msomaji ataliweka mwenyewe kichwani, na kuna kurudia maneno au kutumia maneno ya familia moja. Wewe umekariri njia moja mara mia. Chukua esei yako moja ya zamani, funika viunganishi vyote, soma, pale inapoendelea kueleweka viache vimefunikwa.

SWALI: Kwa Kiswahili "yeye" haina jinsia, kwa hiyo kwenye Kiingereza mara naandika he mara she kwa mtu huyohuyo. Na je niseme "I" au "the researcher"?

JIBU: Kama unajua mtu ni mwanamke au mwanaume ni suala la kusahihisha tu, pitia kazi yote mara moja ukitafuta he na she peke yake, usichanganye na kusahihisha mengine. Kama humjui, mfano "each participant", njia nyepesi ni wingi: "participants were asked whether they..." na tatizo limekufa. Ukilazimika kubaki na umoja, "they" inakubalika, toleo la 7 la mwongozo wa uandishi wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani) la mwaka 2019 linaikubali waziwazi. "He/she" kila mstari inachosha macho.

Kuhusu I, APA hiyohiyo inataka useme "I" kama kazi umefanya peke yako, na "we" ibaki kwa wenye waandishi wenza. Lakini idara nyingi bado zinataka "the researcher", na anayesaini ni idara yako, kwa hiyo fuata mwongozo wao. Ila ukiandika "the researcher" kuwa mwangalifu pale unapomtaja mtafiti mwingine, maana "the researcher found that..." inaweza kusomeka ni wewe kumbe ni yeye.

SWALI: Naomba msaada na however, nimeandika "The cost was high, however, the benefits were greater" ikakatwa. Pia "on the other side" na "on the contrary" zinakatwa kila siku.

JIBU: However sio but. But inaunganisha sentensi mbili kwa mkato mmoja, however haina nguvu hiyo. Weka nukta au nukta mkato kabla yake: "The cost was high; however, the benefits were greater." Therefore, moreover, consequently zote zinafuata sheria hiyohiyo.

"On the other side" umeitoa kwenye "kwa upande mwingine", Kiingereza wanasema on the other hand, na inataka kweli kuwe na pande mbili za jambo moja. Kama unalinganisha tu vitu viwili tofauti, mijini na vijijini tuseme, in contrast au whereas inatosha. On the contrary ni kali zaidi, inakanusha kilichosemwa: "The policy did not reduce costs. On the contrary, it raised them." Kama hakuna kinachokanushwa, usiiguse.

Hukuuliza, lakini kwenye kipande ulichotuma nimeona "whereby" mara nyingi, na wengi wetu tunaitumia popote ambapo Kiswahili kingesema ambapo. Whereby maana yake ni kwa njia hiyo, kwa utaratibu huo, kwa hiyo "a system whereby students assess each other" iko sawa, lakini "the interviews were done in the library whereby it was quiet" haiko sawa, hapo ni where. Na mara nyingi ukiitoa whereby unakuta sentensi ilikuwa inataka nukta tu.