Ami kanipa mtaji, kila mwezi anataka chake

SWALI: Shekhe, assalamu alaykum. Niko Wete, nimeachwa, nina watoto watatu. Ami yangu alinipa 1,500,000 nikanunua friza, iliyobaki nikanunulia samaki diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, niuze. Tulikubaliana nimpe 120,000 kila mwezi, na pesa yake irudi kamili. Nimeshampa miezi sita. Kusi ilipokaza vyombo havikwenda baharini, nikampa pesa ya chakula cha watoto. Ndugu mmoja msikitini ananiambia hii si riba, ni mtaji, na wenyewe tumeridhiana. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Si kweli, na hapo pa chakula cha watoto pameniuma sana.

Pesa inayotolewa kwa sharti irudi kamili, upate usipate, ni mkopo hata ikiitwa mtaji. Na hiyo 120,000 iliyo juu yake ni riba.

Huyo ndugu yetu ameishika aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayotaja biashara ya kuridhiana. Lakini ridhaa ni sharti ya biashara iliyo halali, haina nguvu ya kuihalalisha haramu. Nani hukopa kwa riba bila ya kuridhia? Mwenye shida huridhia kila kitu! Rafi' bin Khadij (r.a.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba watu walikuwa wakikodisha mashamba kwa malipo ya mazao yanayoota kando ya mifereji. Mara haya ya mwenye shamba hufa na yale ya mkulima husalimika, mara kinyume chake. Waliridhiana, na juu ya hivyo wakakatazwa. Ami yako kajichagulia kando ya mfereji, wewe kakuachia kusi.

Ama angelinunua friza likawa lake, akakukodisha, kodi ya kila mwezi ingekuwa halali, kwa sababu likiungua bila ya uzembe wako hasara ni yake. Au angekupa pesa ya kununulia samaki mkagawana faida, nusu kwa nusu au thuluthi, vile mtakavyoafikiana, na samaki wakiharibika bila ya kosa lako, yeye amepoteza mali na wewe umepoteza jasho. Hii ndiyo mudharaba.

Sasa ulichompa, 720,000, kihesabiwe ni malipo ya deni. Limebaki 780,000, nalo umlipe, ni haki yake. Usiongeze hata shilingi.

Najua kumwambia ami ni kuzito. Usiende na neno riba mdomoni. Nenda na mtu mzima wa ukoo anayemheshimu, na daftari mkononi. Kama huna daftari, lianze leo: samaki uliowanunua diko, barafu, umeme, na waliokopa. Na samaki changu unayemtoa kwenye friza ukampikia wanao, mwandike naye, umlipie kutoka mfuko wa nyumba. Wengi biashara zao hazikuuliwa na hasara, ziliuliwa na mkono mmoja kushika mifuko miwili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 katika Al-Baqara, inatuamrisha kuandika madeni, nasi twaona haya kuandikiana na ndugu.

Ami akikasirika, nyamaza siku hiyo, umrudie baada ya Ijumaa. Na mwezi ambao bahari imefunga, watoto wale kwanza. Mwenye kudai aliye Muislamu ameamrishwa kumngoja aliyedhikika mpaka apate wasaa. Wallahu aalam.