Kabla ya Kuishusha Ferrari F355
Ndugu yangu, umeuliza kama ukate springi ili Ferrari F355 unayoitunza nyumbani Mbezi Beach ikae chini zaidi. Nakusihi usifanye hivyo, kwani matuta ya barabara zetu yatakwangua tumbo lake, na springi iliyokatwa huharibu utulivu wa gari kwenye kona. Fedha hizo zielekeze kwanza kwenye mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa injini unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio, ambao huchakaa kwa umri hata gari lisipotembea, na ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kuubadilisha kunahitaji injini ishushwe yote, kazi ambayo kwa kweli haimfai fundi wa kubahatisha. Kwa sababu ya chumvi ya upepo wa bahari, osha uvungu mara kwa mara, lakini si kwa maji ya kisima chenye chumvi.