Anasomea Kompyuta, Historia ya Marekani ya Nini?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Makorora, Tanga. Binti yangu alimaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amepata nafasi chuo kikuu cha umma katika jimbo la Texas, Marekani, kusomea sayansi ya kompyuta kwa miaka minne. Chuo kimetuletea orodha ya masomo. Humo nimekuta historia ya Marekani mara mbili, serikali mara mbili, uandishi wa Kiingereza, hata sanaa. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi na sehemu ya ada naitoa mfukoni. Je, hawezi kusamehewa hayo kwa kuwa ni mgeni na ameshasoma kidato cha tano na sita? Na hayatamchelewesha kumaliza? — Mzazi

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera sana kwa binti.

Kusamehewa kwa sababu ya ugeni, hapana. Kuchelewa, hilo linategemea mtakavyoyapanga, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Tuanze na hesabu, maana neno krediti huwachanganya wazazi wengi. Kwetu, Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Texas, shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na krediti moja ni kama saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula mzima, mbali na muda wa kujisomea. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba shahada yao ni theluthi ya yetu kwa kuangalia namba.

Katika hizo 120, vyuo vikuu vya umma vya Texas hutenga 42 kwa elimu ya jumla: mawasiliano, ambamo uandishi umo, 6, hisabati 3, sayansi 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za mwisho chuo chenyewe huamua ziende wapi. Historia na serikali zimeandikwa kwenye sheria ya jimbo. Sheria hiyo haiulizi mwanafunzi katoka wapi, ndiyo maana barua ya kuomba msamaha kwa hoja ya ugeni haitafika mbali.

Sasa ishike ile orodha mkononi. Kama masomo yake yana namba za tarakimu nne, tarakimu ya kwanza hukuonyesha ngazi, na ya pili hukuonyesha krediti. HIST 1301 ni ya ngazi ya mwaka wa kwanza, krediti 3. GOVT 2305 ni ya ngazi ya mwaka wa pili, krediti 3. MATH 2413, ambayo ni kalkulasi ya kwanza, ina krediti 4. PHYS 2425, fizikia pamoja na maabara, nayo ina 4. Ukishajua hivyo unaweza kuijumlisha orodha nzima wewe mwenyewe pale dukani.

Na hapo utaona jambo ambalo wengi hawalioni. Kalkulasi na sayansi za maabara binti yako angezisoma tu, kwa sababu programu za kompyuta kwa kawaida huzidai. Zile zile zinajaza hisabati 3 na sayansi 6 za elimu ya jumla. Kati ya 42, tayari 9 zimeondoka bila kuongeza somo. Zinabaki 33, yaani kozi 11 za krediti tatu tatu, za kusambazwa kwenye mihula minane: muhula huu moja, unaofuata mbili. Mzigo huo unabebeka. Unaoumiza ni ule wa mwanafunzi aliyeyasukuma masomo haya mpaka mwaka wa nne, akajikuta ana mradi wa mwisho, anatafuta kazi, na historia mbili zinamdai.

Kinachowachelewesha wanafunzi wetu hasa ni namba 12. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe na angalau krediti 12 kila muhula. Mtoto akisikia hivyo, anachukua 12 na kuridhika. Piga hesabu: 12 mara mihula 8 ni 96. Pungufu ni 24, karibu mwaka mzima wa ada, chumba na chakula. Wa kumaliza kwa miaka minne anahitaji 15. Tena vyuo vingi hutoza ada ile ile kuanzia krediti 12 mpaka kiwango fulani juu ya 15, kwa hiyo ulizeni chuo chenu kinatozaje kabla hajajisajili. Muhula wa kwanza, akiwa mgeni wa baridi, chakula na lafudhi, sioni ubaya akianza na 12 au 13. Lakini zilizopungua ziandikwe mahali, na ijulikane zitafidiwa lini.

Kuhusu kidato cha tano na sita: kuna vyuo vinavyotoa krediti kwa matokeo ya ngazi hiyo na kuna visivyotoa. Atume matokeo rasmi ya NECTA kwa msajili, aulize kama yanahitaji kupitia wakala wa kutathmini vyeti vya nje, na aende na mihtasari ya masomo yake, hasa hisabati ya juu na fizikia. Hata asipopewa krediti, PCM itamsaidia kupangwa moja kwa moja kwenye kalkulasi badala ya kuanzia aljebra. Vyuo vya umma vya Texas vina mtihani wa kupima utayari, unaoitwa TSI, kwa wasio na kigezo cha kusamehewa, kama alama za kutosha za SAT, mtihani wa Marekani wa kuingilia chuo. Asiuendee bila maandalizi. Anayeshindwa anaweza kupewa masomo ya kujazia mapengo ambayo hulipiwa na hayahesabiki kwenye zile 120.

Kwa historia na serikali kuna mitihani ya CLEP, ambayo ukifaulu chuo kinaweza kukupa krediti bila kukaa darasani. Njia hiyo ni halali na inaokoa fedha, ila kila chuo kina masharti yake.

Uandishi, mzee, nakuomba asiutafutie njia ya mkato. Wanafunzi wa PCM wa hapa Tanga nawajua: swali la fizikia wanalimaliza huku wanapiga stori, lakini wape ukurasa mtupu waandike hoja, kalamu inagoma. Insha zao nyingi waliziandika kwenye GS (General Studies), kwa kukariri nukta. ENGL 1301, kozi ya kwanza ya uandishi, haitaki nukta. Inataka msimamo, ushahidi, na jibu kwa anayekupinga. Kipindi hiki anachosubiri safari, aende maktaba ya mkoa, achague makala moja ya maoni gazetini, aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza kuipinga, na kesho yake ukurasa wa kuitetea. Mhandisi wa programu hushinda akiandika maelezo, mapendekezo na ripoti. Asiyeweza kueleza alichokitengeneza, kazi yake itaelezwa na mwingine.

Hata hayo ya serikali siyaoni kuwa hasara. Wamarekani wameyang'ang'ania kwa muda mrefu. Columbia walianza kozi yao ya pamoja ya ustaarabu wa kisasa mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Na sisi hatuko mbali nao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Maendeleo tangu 1973, na DS, somo lake la maendeleo, imepitiwa na mainjinia na wanasheria kwa pamoja. Binti atakayetengeneza mifumo ya kusajili watu, kuwakopesha au kuhesabu kura zao, namtaka awe ameshasoma jinsi mamlaka yanavyopewa mipaka.

Mwisho, likizo. Akirudi Tanga kipindi cha kiangazi anaweza kusoma historia au serikali mtandaoni kupitia chuo cha jamii (community college) cha Texas, ambacho mara nyingi ni nafuu. Likizo hiyo haimbani na zile krediti 12 ikiwa anaendelea na masomo muhula unaofuata, ila mihula ya kawaida ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa kwenye 12 zake. Kwanza apate idhini ya maandishi ya mshauri wake wa taaluma kwamba kozi hiyo itahamishika, na athibitishe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na akague ratiba: wakati huo Texas iko nyuma yetu kwa saa 8, hivyo kipindi cha saa nane mchana kwao, Makorora ni saa nne usiku. Achague kozi isiyo na vipindi vya moja kwa moja.