Onazi si shahada ya heshima

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza shahada ya sayansi ya miaka mitatu hapa Iringa, GPA 3.9. Chuo kimoja cha Afrika Kusini kimeniambia siwezi kuanza uzamili mpaka niwe na onazi. Baba anasema hiyo ni shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi. Ni kitu gani hasa, na bado ina faida?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Baba kachanganywa na jina tu: onazi ni neno la Kiingereza "honours", yaani heshima. Shahada ya heshima hutunukiwa mtu kwa mchango wake, bila kukaa darasani. Onazi inasomewa.

Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza: chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa mtindo huo onazi imo ndani ya miaka ileile mitatu, na ndiko yalikotoka madaraja. Wewe uko daraja la pili la juu, GPA ya 3.5 hadi 4.3 kati ya 5. Afrika Kusini wameitenga. Shahada ya miaka mitatu inaishia ngazi ya 7 katika mfumo wao wa ngazi za elimu, halafu onazi ni mwaka mmoja peke yake, ngazi ya 8, na lazima ufanye utafiti. Uzamili uko ngazi ya 9. Hawajaidharau shahada yako, wanaona umeruka ngazi.

Kabla hujakubali kulipia mwaka huo, iandikie idara yenyewe, siyo ofisi ya udahili pekee. Ambatanisha transkripti, maelezo ya kozi na ripoti yako ya utafiti. Shahada za nje hutathminiwa na mamlaka yao iitwayo SAQA, kwa hiyo anza mapema. Wakishikilia msimamo, isome hiyo onazi. Mwaka huo haupotei.

Hapa Mbeya nilimsimamia binti aliyefanya utafiti wa viazi mviringo kule Uyole. Aliniletea daftari lenye matope pembeni, kila shina limeandikiwa idadi ya viazi na uzito wake. Safu mbili alizikata kwa kalamu nyekundu: aligundua mizani ilikuwa mbovu, akarudi shambani kupima upya. GPA yake ilikuwa ya kawaida tu. Kazi ya namna ile ndiyo onazi yenyewe, cheti kiandikwe kisiandikwe.

Kinachonitia hofu ni huko tunakoelekea. Uingereza wenye daraja la kwanza wameongezeka mno, hadi daraja lenyewe limepoteza makali. Kwetu vijana wanakwepa kozi ngumu kulinda GPA, maana matangazo ya kazi ya ukufunzi msaidizi vyuoni yanataka 3.8. Wengine wanaandikiwa riseji steshenari kwa malipo, na hilo linaniuma sana. Mimi ningekubali madaraja yafutwe, ili mradi utafiti ubaki na kila mwanafunzi autetee wa kwake mbele ya watu.

Ripoti yako uliiandika mwenyewe? Basi iweke juu kabisa ya maombi yako, transkripti ifuate.