Barua kwa mwanangu: Rivers na wenzake

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku Bukoba hatujambo, mvua imetubana lakini migomba imeipenda.

Umeniandikia kwamba mhadhiri wenu wa saikolojia amewapa insha juu ya W. H. R. Rivers, yule daktari na mwanasaikolojia wa Uingereza, na mwenzio amegoma kuiandika. Anadai Waingereza wa enzi hizo wote walikuwa genge moja la kupima vichwa vya watu weusi na kuwaona duni. Nawe unaniuliza: mtu akikaa meza moja na watu wa namna hiyo, tumsome au tumwache?

Msome. Ila wasome na wa meza yake.

Anzia 1898. Alfred Haddon wa Cambridge alikusanya watu wachache, wakaenda visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya. Rivers alikuwamo, pamoja na wanafunzi wake Charles Myers na William McDougall, na daktari kijana, Charles Seligman. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba "mshenzi" ana macho makali kupita kiasi, na waliyaandika hayo bila kutoka maktaba. Rivers alipofika kisiwa cha Mer alitumia bango la herufi E, lile lile la kliniki yangu ulilokuwa ukichezea ukinisubiri nitoke kazini: herufi imegeuzwa huku na huku, na mtu anaonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Asiyejua kusoma anapimwa sawasawa na profesa. Akakuta macho ya watu wa Mer ni mazuri, lakini si ya maajabu. Kama waliona vitu vya mbali upesi kuliko mgeni, ni kwa sababu waliijua bahari yao na walijua cha kutafuta. Mimi niliyepima macho maisha yangu yote ya kazi, hapo ndipo nilipompendea.

Usimfanye mtakatifu lakini. Katika taarifa ya safari hiyo hiyo aliandika kwamba mtu akitumia nguvu nyingi katika kuona na kusikia, kufikiri kwake kunapungukiwa. Alikuwa na kipimo mkononi kikimwambia hawa ni watu kama wewe, na bado akaitafutia nafasi imani aliyotoka nayo nyumbani. Hilo liandike waziwazi, usilizungukezunguke.

Kwa upande mwingine, alikuwa tayari kuwafanyia wa kwao yale yale. Mwaka 1903 rafiki yake Henry Head, daktari wa London, alikatwa kwa makusudi mshipa wa fahamu wa mkono wa kushoto ili wafuatilie hisia zinavyorudi. Kwa miaka kadhaa Head alikuwa akifunga safari hadi Cambridge, anakaa katika vyumba vya Rivers pale Chuo cha St John's akiwa amefumba macho, Rivers anamgusa kwa pamba, kwa pini, kwa vitu vya moto na vya baridi, na kila jibu linaandikwa. Walichapisha matokeo 1908. Nadharia waliyojenga juu yake haikudumu sana, lakini ni nani leo angekubali kumkabidhi rafiki mkono wake hivyo?

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Rivers alitibu maafisa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Wagonjwa walikuwa wakiambiwa wasahau waliyoyaona. Yeye akawataka wayazungumze. Mshairi Siegfried Sassoon aliletwa kwake 1917, baada ya kutangaza hadharani kwamba vita havipaswi kuendelea. Walielewana sana. Lakini kazi ya Rivers ilikuwa kuwaponya ili warudi mstari wa mbele, na alijua hivyo. Sassoon alirudi.

Sasa wenzake. Myers alisimama kwenye Kongamano la Mataifa Yote lililofanyika London 1911 akatetea kwamba akili za wakulima wa Ulaya kimsingi hazitofautiani na za watu walioitwa washenzi. McDougall alihamia Harvard 1920 akihubiri kwamba kuna damu bora na damu hafifu. Na Seligman ndiye anayetuhusu hasa sisi wa Maziwa Makuu. Mwaka 1930 alitoa kitabu kuhusu makabila ya Afrika, akidai ustaarabu wa bara hili uliletwa na Wahamiti, watu aliowahesabu kuwa ukoo mmoja na wazungu, kutoka kaskazini. Hadithi hiyo hakuitunga yeye, Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alikuwa ameshaieneza, lakini yeye aliivalisha joho la chuo kikuu, na vizazi vya wanafunzi vikaimeza. Watutsi na Wahima wakaambiwa ni wageni watukufu, jirani zao wakaambiwa wamezaliwa kutawaliwa. Watu wa Rwanda na Burundi hawahitaji kufundishwa imewagharimu nini.

Watu wanne, safari moja, kisiwa kile kile. Rivers alifariki 1922, kwa hiyo hakukiona kitabu cha Seligman.

Kwenye insha yako Seligman mweke, hata kama swali halikumtaja. Na huyo mwenzio aliyegoma, mwambie aandike juu ya Seligman. Hasira zake zitapata pa kufanyia kazi.

Baba yako anakusalimu. Ndizi nazituma kwa basi la Ijumaa, nenda uzipokee mapema zisije zikaivia stendi.

Mama yako