Mgonjwa akigeukia ukutani

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodini, kuna jambo nilichelewa kulielewa: ugonjwa wa mwili unaweza kumfikisha mtu kwenye kuwaza kujiua.

Mwaka wangu wa kwanza tulimlaza mama mwenye baridi yabisi, vidole vimevimba hata kikombe anakishika kwa viganja. Siku ya tatu akageukia ukutani, chai ikapoa mpaka ikafanya utando. Dada yake akaniambia, "Nesi, huyu siye tunayemjua." Nikamjibu ni maumivu tu, nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Jioni sista mmoja wa siku nyingi akavuta kiti, akamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Akasema ndiyo, upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Kumbuka ulivyokuwa na malaria: hutaki chakula, hutaki watu, hata kelele za watoto zinakuudhi. Hiyo ni kazi ya kinga yako pia. Seli zake hutoa saitokini, yaani kemikali za kupeleka ujumbe, na habari hufika kwenye ubongo kwa damu na kwa vagasi, neva ndefu inayounganisha ubongo na kifua na tumbo: lala kwanza, upone. Balaa ni pale kinga isipozima, kama kwa yule mama, maana katika baridi yabisi kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe.

Waliokuwa wakitibiwa homa ya ini aina ya C kwa sindano za interferoni, ambayo yenyewe ni saitokini, si wachache waliopata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na wapo waliofikia kuwaza kujiua. Utafiti wa Marekani wa 2001 uliwafuata wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi waliopewa interferoni nyingi: waliotanguliziwa paroksetini, dawa ya sonona, 11% walipata sonona kali, waliopewa kidonge kisicho na dawa, 45%.

Kinga ikichachamaa, triptofani, malighafi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, huelekezwa kwingine, na mojawapo ya mazao ni asidi ya kwinolini inayosisimua mno seli za ubongo. Watafiti wa Sweden waliikuta imepanda katika maji ya uti wa mgongo ya watu waliojaribu kujiua.

Sasa msiniharibie kazi kwa kukimbilia dawa za kutuliza kinga. Mwaka 2013 yalitoka majibu ya infliksimabu, dawa inayozuia saitokini mojawapo, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 60 wa sonona sugu. Kwa jumla haikuishinda dawa bandia, ila wenye CRP, kipimo cha damu cha kinga iliyochachamaa, zaidi ya miligramu 5 kwa lita walionyesha dalili za kunufaika. Wengi wenye sonona CRP yao iko sawa kabisa, na hakuna kipimo cha damu kinachokuambia nani atajiua. Majibu safi ya maabara si ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani.

Kwa hiyo uliza kwa mdomo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akikubali, usimwache peke yake hata kama zamu yako imeisha. Mwite mkubwa wako, na ugonjwa wa mwili uendelee kutibiwa vilevile. Na maneno ya ndugu yaandikwe kwenye faili kama walivyoyasema. Ile sentensi ya dada yake ilikuwa na maneno manne, na mimi niliiacha hewani.